Kupanga mimea ya maua kwa chavua: mwongozo kamili kuanzia tumba la ua hadi ufunguo wa utambuzi

Ua la Ipomoea, jenasi ya kiazi kitamu, na ua la Convolvulus yanafanana kiasi cha kumchanganya anayeanza: yote yana umbo la tarumbeta, yote hufunguka asubuhi na kunyauka upesi. Weka chavua zao chini ya lenzi ya mara 40 na utata unakwisha. Punje ya Ipomoea ni tufe lenye miiba na matundu yaliyotapakaa kila upande. Ya Convolvulus haina miiba, na ina mifuo mitatu, yaani mifereji mirefu kwenye ukuta wake. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hans Hallier aliigawa familia nzima ya Convolvulaceae kwa tofauti hiyo, wenye miiba huku na wasio na miiba kule. Uchunguzi wa DNA uliofanywa karne moja baadaye ulikuta kwamba wenye miiba ni ukoo mmoja kweli. Wasio na miiba si ukoo mmoja. Ni mchanganyiko wa waliobaki na sura ya zamani. Na hata ndani ya wenye miiba, sifa hiyo haisaidii tena: Argyreia, Stictocardia na Astripomoea zina miiba vilevile, na DNA imezikuta zimekaa ndani ya Ipomoea yenyewe.

Mfano huo mmoja una karibu kila kitu utakachokutana nacho. Chavua hujibu swali la ngazi fulani na kunyamaza kwenye ngazi nyingine, na kazi kubwa ya mpangaji ni kujua ni ngazi ipi inayosema ndani ya kundi lake. Pengine ni familia, pengine jenasi, mara chache spishi.

Chagua kundi na swali

Usianze na chavua ya kila mmea unaoukuta. Chagua kundi lenye mzozo: jenasi moja yenye spishi 8 hadi 20, au jenasi mbili tatu zinazodhaniwa kuwa moja. Ongeza spishi mbili za nje ya kundi lakini za familia hiyohiyo. Bila hizo huwezi kusema kama sifa uliyoiona ni mpya katika kundi lako au ni urithi wa familia nzima.

Kwa kila spishi tafuta mimea isiyopungua mitatu kutoka sehemu tofauti. Mitano ni bora. Mmea mmoja hautoshi hata kidogo. Tofauti kati ya mimea ya spishi moja ndiyo kipimo cha kuamua kama tofauti kati ya spishi mbili ina uzito.

Kuchuma chavua

Chuma tumba lililokaribia kufunguka, si ua lililofunguka. Ua wazi limeshatembelewa na nyuki na kupigwa na upepo, na nusu ya punje utakazoziona zinaweza kuwa za jirani. Tumba changa mno nalo lina hasara yake: punje huwa bado zimeshikana nne nne, ukuta wake haujakomaa, na ukizipima utaandika vipimo vya kitoto. Dalili nzuri ni vifuko vya chavua vilivyokwisha kupata rangi yake ya mwisho lakini havijapasuka.

Weka matumba kwenye bahasha ya karatasi na uyakaushe. Plastiki hutunza unyevu, na kuvu huja mara moja. Nyuzi za kuvu na mbegu zake huonekana kama punje ndogo laini, nazo zimewahi kuelezwa kimakosa kama chavua. Kila bahasha ibebe namba ileile ya sampuli ya mmea uliokaushwa na kubandikwa katika herbaria, yaani hifadhi ya mimea mikavu. Slaidi isiyo na mmea wa kurejea haina thamani, kwa sababu jina likibadilika kesho hakuna wa kuulizwa.

Ukichukua kutoka herbaria, omba ruhusa, chukua tumba moja au mawili, na kwanza angalia ndani ya bahasha ndogo iliyobandikwa kwenye karatasi ya mmea; mara nyingi maua yaliyodondoka yako humo. Acha kikaratasi kinachoeleza umechukua nini na lini.

Njia ya haraka, bila asidi kali

Kwa uchunguzi wa awali, au pale ambapo hakuna kabati la kuvuta moshi wa kemikali, njia hii inatosha. Pasua kifuko cha chavua juu ya slaidi kwa sindano na utoe vipande vya ngozi. Dondosha tone moja la ethanoli, acha lisambae na kukauka. Mafuta ya chavua yatajikusanya kama duara pembeni. Yafute kwa pamba yenye ethanoli. Weka kipande cha jeli ya gliserini chenye ukubwa wa punje ya mchele, jeli iliyotiwa rangi ya fuksini ya besi, pasha slaidi taratibu mpaka jeli iyeyuke, kisha funika. Ukuta wa nje hushika rangi ya waridi, na milango ya punje hubaki hafifu.

Jeli hiyo hutengenezwa kwa gramu 10 za jelatini, mililita 35 za maji, mililita 30 za gliserini na gramu 1.4 za fenoli ya kuzuia ukungu. Loweka jelatini kwenye maji saa mbili, ongeza vingine, pasha moto kwenye chombo kilichokaa ndani ya maji ya moto mpaka iwe laini. Isichemke, na usiikoroge kwa nguvu; mapovu madogo yakibaki yatakusumbua kwenye kila slaidi. Fenoli huunguza ngozi, hivyo vaa glavu.

Kasoro ya njia hii ni kwamba vitu vilivyomo ndani ya punje vinabaki, kwa hiyo mapambo ya ukuta hayaonekani kwa ukali.

Asetolisisi

Njia ya mtaalamu wa chavua Gunnar Erdtman, ambayo bado ndiyo kipimo cha kulinganishia, huchoma kila kitu isipokuwa ukuta wa nje. Ukuta huo, eksini, umejengwa kwa sporopolenini, dutu ngumu inayostahimili asidi kali. Ukuta wa ndani, intini, ni selulosi na huyeyuka.

Mchanganyiko ni sehemu 9 za anhidridi ya asetiki kwa sehemu 1 ya asidi ya sulfuriki kali. Kwa mirija minne tengeneza mililita 20: 18 za anhidridi na 2 za asidi. Mimina anhidridi kwanza, kisha asidi tone kwa tone huku ukitikisa polepole. Tengeneza siku hiyohiyo ya kutumia. Anhidridi ya asetiki hupambana vikali na maji. Mrija wenye tone la maji unaweza kukurushia asidi usoni. Kwa hiyo kazi hufanywa ndani ya kabati la kuvuta moshi, ukiwa na miwani ya kinga, glavu na koti.

1. Saga matumba matatu manne ndani ya asidi ya asetiki isiyo na maji, mililita 5, chuja kwa wavu wa matundu ya maikromita 200. Kama kundi lako lina punje kubwa kama za maboga (Cucurbita) au za Hibiscus, tumia wavu wa matundu makubwa zaidi, la sivyo utatupa chavua na kubaki na takataka.
2. Zungusha kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha mirija ili punje zitue chini) dakika 5 kwa mizunguko 3000 kwa dakika. Mwaga asidi. Hatua hii huondoa maji, usiiruke.
3. Ongeza mililita 5 za mchanganyiko, koroga kwa kijiti cha kioo, weka mrija kwenye maji ya nyuzi 90 kwa dakika 3 hadi 5. Toa mrija punje zikiwa za rangi ya asali. Zikifika rangi ya kahawa nyeusi umepitiliza, na mapambo madogo hayatasomeka.
4. Zungusha tena, mwaga mabaki kwenye chupa ya taka za asidi iliyoandikwa, kamwe si kwenye sinki.
5. Osha mara moja kwa asidi ya asetiki isiyo na maji, ndipo uoshe kwa maji mara mbili au tatu. Punje zikielea juu ya maji, tone mbili za ethanoli huzishusha.
6. Loweka kwenye gliserini ya asilimia 50 kwa dakika 30, zungusha, mwaga, pindua mrija juu ya karatasi ya kufyonza.
7. Chovya kipande cha jeli kwenye ncha ya sindano, gusa mashapo, hamishia kwenye slaidi, yeyusha, funika, na ziba kingo kwa nta ya parafini.

Safisha vyombo vyote kati ya sampuli moja na nyingine. Punje kumi za spishi A zilizobaki kwenye kijiti zitakuja kuonekana kama sura ya pili ya spishi B, na hitimisho zima likapinda.

Kuna mimea ambayo njia hii huiangamiza. Familia ya mparachichi (Lauraceae), ya tangawizi (Zingiberaceae), ya ndizi (Musaceae) na Cannaceae zina eksini nyembamba sana au iliyovunjika vipande. Mrija ukitoka mtupu, usidhani mmea hauna chavua. Rudi kwenye njia ya ethanoli na rangi, na uandike kwamba punje haikustahimili asetolisisi, maana hiyo nayo ni sifa.

Kupima

Rula iliyo ndani ya jicho la hadubini haina maana mpaka uilinganishe na slaidi ya rula, ambayo milimita 1 imegawanywa sehemu 100, yaani maikromita 10 kila moja. Kama kwa lenzi ya mara 40 vistari 40 vya jicho vinalala sawa na vigawanyo 10 vya slaidi, kila kistari ni maikromita 2.5. Fanya hivyo kwa kila lenzi, na urudie ukibadilisha hadubini.

Pima punje 30 kwa kila mmea. Kwa kila punje iliyolala kiubavu andika urefu wa mhimili wa ncha (P) na upana wa ikweta (E). Uwiano wa P kwa E hutoa umbo: chini ya 0.75 punje ni bapa, kati ya 0.88 na 1.14 ni karibu tufe, juu ya 1.33 ni ndefu, na ikizidi 2 ni ndefu mno. Punje yenye P ya maikromita 42 na E ya 30 ina uwiano wa 1.4, basi ni ndefu. Pima pia unene wa eksini, urefu wa miiba na umbali kati yake, na, kama ukuta wa punje una pambo la wavu, upana wa matundu ya wavu huo. Kwa hivi tumia lenzi ya mara 100 yenye mafuta.

Ukubwa ndio kipimo kinachodanganya zaidi. Asetolisisi hutanua punje. Jeli ya gliserini huendelea kuzitanua miezi kadhaa baada ya kufunika. Kifuniko kikikandamiza, punje hutandazika. Linganisha tu slaidi zilizotengenezwa kwa njia moja na zenye umri mmoja, au tumia mafuta ya silikoni, ambayo hayatanui punje. Umbo nalo hubadilika: punje kavu hujikunja kwenye mifuo yake na kuonekana nyembamba, ikipata maji hujaa. Ukipima sampuli moja kavu na nyingine mbichi utagundua spishi ambayo haipo.

Kuisoma punje

Soma kwa mpangilio huu, kutoka kubwa kwenda ndogo.

Kwanza, punje husafiri peke yake au kwa kundi? Wengi ni mmoja mmoja. Ericaceae hukaa nne nne, Acacia na jamaa zake hukaa kwenye kifurushi ambacho mara nyingi kina punje 16, na orkidi hufunga maelfu kwenye donge moja. Sifa hii inaweza kutenganisha hata spishi za jenasi moja: Typha latifolia hutoa chavua nne nne, Typha angustifolia hutoa moja moja, na chotara wao hutoa mchanganyiko wa moja, mbili, tatu na nne kwenye ua lilelile.

Pili, milango ambamo mrija wa chavua, ule unaoota kutoka kwenye punje, hutokea. Mlango wa mviringo ni tundu, mlango mrefu ni mfuo, na kuna mfuo wenye tundu katikati yake. Andika aina, idadi na mahali. Mfuo mmoja kwenye ncha ni sura ya kale, inayoonekana kwa monokotiledoni (mimea ambayo mbegu yake ina jani moja) nyingi na kwa Magnolia. Mifuo mitatu kwenye ikweta, au sura iliyotokana nayo, ndiyo alama ya yudikoti, kundi kubwa la mimea ambayo mbegu yake ina majani mawili. Nyasi zote, Poaceae, zina tundu moja lenye pete, na ndiyo sababu chavua haina msaada mkubwa wa kuzitenganisha nyasi wao kwa wao.

Ili uhesabu milango unahitaji kuiona punje kutoka juu ya ncha na kutoka ubavuni. Jeli ikiwa bado ya uvuguvugu, sukuma kifuniko kidogo kwa ncha ya sindano, punje zitaviringika. Mwanafunzi anayehesabu mifuo miwili kwa sababu wa tatu uko nyuma ni kosa la kawaida kuliko yote.

Tatu, ukuta na mapambo yake. Tafuta tabaka la chini, nguzo zilizosimama juu yake, na paa linalofunika nguzo. Paa likiwa zima, uso ni laini au una vinundu. Likitoboka, unapata wavu. Wakati mwingine juu yake kuna miiba, vijiti, mistari au mikunjo. Kwa hadubini ya mwanga tumia ujanja wa fokasi: elekeza fokasi juu kabisa ya uso, kisha ishushe polepole. Kilichoinuka huanza king'avu na kuwa cheusi. Shimo huanza jeusi na kung'aa. Fanya hivyo kila mara, kwa sababu kwenye picha moja tu vinundu na vishimo havitofautiki.

Hadubini ya elektroni ya kuchanganua uso ikipatikana, pitisha punje kwenye ethanoli ya asilimia 70, 90 na 100, kausha, bandika, paka dhahabu nyembamba. Punje zenye ukuta laini huporomoka kwenye ukaushaji wa hewa. Hizo zinahitaji mashine ya kukaushia kwa kaboni dayoksaidi. Picha ni nzuri mno, na hapo ndipo hatari ilipo: punje moja iliyopendeza huchapishwa, na ishirini nyingine zisizofanana nayo husahaulika. Elektroni huonyesha uso tu. Unene na tabaka pima kwa mwanga.

Kutoka vipimo hadi mpangilio

Tengeneza jedwali: mstari kwa kila mmea, si kwa kila spishi, na safu kwa kila sifa. Sifa za aina (tundu au mfuo, miiba au wavu) ziandike kwa namba za msimbo, za vipimo ziandike kwa wastani, kima cha chini, cha juu na mkengeuko. Sasa angalia kila safu: je, tofauti ndani ya spishi ni ndogo kuliko tofauti kati ya spishi? Safu isiyofaulu ifute bila huruma, hata kama ndiyo uliyoipenda.

Hapa kuna mitego minne. Mimea yenye seti nyingi za kromosomu huwa na punje kubwa zaidi na mara nyingi mlango wa ziada, hivyo punje za milango 3 na 4 katika mmea mmoja huenda zinasimulia kromosomu kuliko undugu. Maua yenye mitindo miwili, kama ya Primula, hutoa chavua za saizi mbili ndani ya spishi moja: ua lenye shina refu la stigma (sehemu ya ua inayopokea chavua) hutoa punje ndogo, lenye fupi hutoa kubwa. Chukua sampuli za mitindo yote miwili. Punje nyingi zilizosinyaa au za saizi zisizolingana huashiria uchotara au utasa, na mmea huo usiingizwe kwenye wastani. Mwisho, mchavushaji: mimea inayotegemea upepo huelekea kuwa na punje laini, nyepesi. Artemisia imepunguza miiba ikabaki na vinundu vidogo, ilhali jamaa zake wengi wa Asteraceae, familia ya alizeti, wanaochavushwa na wadudu wana miiba mirefu. Mimea miwili ya upepo yenye chavua laini si lazima iwe ndugu.

Baada ya hapo weka sifa zako juu ya mti wa ukoo uliotengenezwa kwa DNA, kama upo. Sifa inayojitokeza mara moja kwenye tawi moja ni alama nzuri ya tawi hilo. Inayojitokeza hapa na pale ni ya kutambulia tu. Mwaka 1946 mtaalamu wa mimea Olov Hedberg alionyesha kwamba Polygonum, kwa upana iliyokuwa nao, ilikuwa na chavua za aina zinazotofautiana mno: kundi la Persicaria lina punje za wavu zenye matundu kila upande, Polygonum halisi ina mifuo mitatu yenye matundu. Leo hizo ni jenasi mbili. Chavua ilifaulu pale kwa sababu haikusimama peke yake. Majani, matunda na maua yalielekea kulekule.

Ufunguo

Andika ufunguo wa jozi, yaani orodha ya chaguo mbili mbili zinazomfikisha msomaji kwenye jina la mmea, ukianza na sifa zinazoonekana kwa lenzi ya mara 40, na ukubwa uje mwisho. Kila upande wa jozi uwe na sifa angalau mbili: «punje yenye miiba, matundu kila upande» dhidi ya «punje isiyo na miiba, mifuo mitatu». Vipimo vinavyopishana usivitumie kutenganisha. Kama spishi moja ina E ya maikromita 28 hadi 36 na nyingine 33 hadi 41, punje ya 34 itampoteza msomaji.

Kisha chukua slaidi kumi, ziba majina, mpe mtu ambaye hajawahi kuziona pamoja na ufunguo wako. Pale anapokwama, jozi hiyo ndiyo yenye kasoro. Irekebishe, changanya slaidi upya, mpe mtu mwingine.